Jinsi ya kupendekeza jina la mtafiti kwenye tuzo ya hisabati ukiwa chuo cha huku kwetu

Tuzo nyingi za hisabati hazimtafuti mtu, zinasubiri aletwe. Kamati inakaa na mafaili yaliyotumwa na inachagua humo humo, sasa kama hakuna mtu aliyekaa chini akaandika jina la mwenzako na kueleza kafanya nini, basi huyo mwenzako hayupo kwenye kinyang'anyiro kabisa, hata kama kazi yake inazizidi zote zilizopo mezani. Huku kwetu tuna watu wanaofanya hisabati ya maana, Dar, Nairobi, Makerere, Kigali, na ukiuliza idara yao imempendekeza mtu lini mara ya mwisho kwenye tuzo ya kimataifa unakuta watu wanaangaliana. Wengine hawajui inafanywaje, wengine wanadhani hiyo ni kazi ya ofisi ya makamu mkuu wa chuo, na wengi wanasubiri mhusika ajiombee mwenyewe wakati tuzo nyingi haziruhusu mtu kujipendekeza.

Kwahiyo hii nawaandikia malekchara, maprofesa, wakuu wa idara, na hata wewe uliyemaliza PhD majuzi na una mtu unayejua anastahili. Kwenye tuzo nyingi hauhitaji cheo ili kupendekeza. Tuzo ya Abel ya Norway, ambayo ni kati ya tuzo kubwa kabisa za hisabati duniani, inapokea mapendekezo ya mtu yeyote, kinachotakiwa ni uwe na la kusema na useme vizuri.

Kwanza tuzo yenyewe

Mfano nitakaoutumia sana ni Tuzo ya Ramanujan, ile inayotolewa na ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichoko Trieste, Italia, pamoja na Umoja wa Kimataifa wa Hisabati yaani IMU, kwa hela za idara ya sayansi na teknolojia ya serikali ya India. Ilianza kutolewa 2005. Naipenda kwa sababu imetengenezwa kwa ajili ya watu wa kwetu: mtafiti awe chini ya miaka 45 ifikapo tarehe 31 Desemba ya mwaka wa tuzo, na utafiti wake awe ameufanyia kwenye nchi inayoendelea, tawi lolote la hisabati. Hela yake ni dola 15,000 na mshindi anaalikwa Trieste kutoa mhadhara. Na wala usidhani ni ya Wahindi na Wabrazil tu, 2011 alichukua Philibert Nang wa Gabon kwa kazi yake ya D-moduli, ambayo ni mambo ya aljebra, akiwa anafundisha Libreville, na 2022 akachukua Mouhamed Moustapha Fall wa AIMS Senegal, ile taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, mtu wa milinganyo ya diferensheli. Hawa ni watu waliokuwa wanafanyia kazi hapa hapa Afrika.

Kuna kitu kwenye vigezo vya hii tuzo ambacho watu wanakipita haraka haraka. Kamati imesema wazi kwamba haiangalii ubora wa utafiti peke yake, inaangalia pia mtu katokea wapi na mazingira aliyofanyia kazi. Yaani ile hali yetu ya kufundisha kozi nne kwa semesta moja, darasa la wanafunzi mia tatu, laibrari isiyolipia majarida, intaneti inakata katikati ya siku, hiyo hapo ina uzito na unaruhusiwa kuiandika. Nitarudi kwenye namna ya kuiandika, maana watu wanaiandika kama kilio na hapo inapoteza nguvu.

Tuzo zingine kwa haraka. Nishani ya Fields inatolewa kila miaka minne na mtu anatakiwa awe hajafikisha miaka 40 kabla ya mwaka wa kongamano kuanza, na hapo hakuna mjadala, Andrew Wiles alimaliza uthibitisho wake wa theoremu ya mwisho ya Fermat akiwa ameshavuka huo umri na pamoja na ukubwa wa kazi ile nishani hakupata, 1998 IMU ikampa bamba maalum la fedha, na Abel ikaja 2016. Abel haina kikomo cha umri, ni kroni za Norway milioni 7.5, dedilaini yake ni 15 Septemba, inafaa kwa mtu ambaye kazi ya maisha yake imebadilisha fani. TWAS, ile akademia ya sayansi ya nchi zinazoendelea iliyoko hapo hapo Trieste, nayo ina tuzo zake na hisabati imo, na yenyewe inataka mtu anayeishi na kufanya kazi kwenye nchi inayoendelea.

Ushauri wangu ni usianze na tuzo kubwa unayoijua kwa jina halafu ukamlazimisha mtu aingie humo. Chukua karatasi, andika umri wa mtu wako, mwaka aliomaliza PhD, wapi amefanyia kazi, na pepa yake moja bora kuliko zote, halafu soma masharti ya tuzo tatu nne uone anakaa wapi. Soma tangazo la mwaka huu huu, usitumie PDF ya miaka minne iliyopita uliyoikuta kwenye simu, masharti yanabadilika na dedilaini inahama. Na kwa akina mama, angalieni kipengele cha umri kwa makini, maana kuna tuzo zinazoongeza muda kwa mtu aliyesimama kazi kwa ajili ya uzazi au kulea, tuzo za chama cha hisabati cha Ulaya kwa mfano zina huo utaratibu, na mtu ambaye umemkata kichwani mwako kwamba kavuka umri anaweza kuwa bado yumo.

Hapo hapo niseme hili. Ukikaa kufikiria nani umpendekeze, jina la kwanza linalokuja kichwani huwa ni la yule anayeonekana sana, anayeongea kwenye semina, anayesafiri. Mpe muda wa pili yule ambaye haonekani. Kwenye Tuzo ya Ramanujan 2006 alichukua Ramdorai Sujatha wa India, 2020 Carolina Araujo wa Brazil, 2021 Neena Gupta wa Kolkata, na kwenye idara zetu dada zetu wenye kazi nzuri wapo, ila kwa kuwa wao ndo wanaopewa ukoodineta wa kila kitu watu wanawaona kama waratibu, hawawaoni kama wanahisabati. Fungua zbMATH, ile hifadhidata ya machapisho ya hisabati ambayo siku hizi ni bure, au arXiv, ule mtandao ambako watafiti wanaweka pepa zao, andika majina ya watu wote wa idara yako mmoja mmoja, soma wamefanya nini. Utashangaa.

Umwambie au usimwambie?

Hili linategemea tuzo na usilifanyie kubahatisha. Abel inasema pendekezo ni siri na mhusika hatakiwi kujua. Tuzo zingine zinataka kabisa saini yake au CV aliyoitengeneza yeye. Kama tuzo inataka siri, CV unaitoa kwenye ukurasa wa idara na orodha ya pepa unaitengeneza mwenyewe kutoka zbMATH na arXiv. Kama hairuhusu siri, mwambie mapema na mwambie kwa ukweli kwamba tunatuma jina, wanaotumwa ni wengi, tusishone suti bado.

Maelezo ya kazi yake, hapa ndo penye kazi

Nitakaa sana hapa maana mafaili mengi yanafia hapa. Tumezoea kuandika barua za kumsifia mtu tabia. Mtu anaandika hivi: "Dkt. fulani ni mchapakazi, mwenye nidhamu ya hali ya juu, anashirikiana vizuri na wenzake, amechapisha pepa 34, amesimamia wanafunzi wengi wa uzamili na ni hazina kubwa kwa chuo chetu na taifa kwa ujumla." Soma tena hiyo sentensi ukiwa umekaa kwenye kiti cha kamati. Hujui kafanya hisabati gani. Ungeweza kubadilisha jina ukaitumia kwa mhasibu. Hiyo barua inafaa mtu akiomba nyumba ya chuo, kwenye tuzo ya hisabati haisogezi kitu.

Kamati inataka kujua vitu vinne, palikuwa na swali gani, lilikwama wapi, huyu kafanya nini, na baada yake kimetokea nini. Ngoja nikuonyeshe kwa kazi ya mtu anayejulikana, Maryna Viazovska wa Ukraine aliyepata nishani ya Fields 2022, uone jinsi hata mtu asiye wa fani anavyoweza kufuata.

Swali ni hili, ukiwa na mipira inayolingana, uipange vipi ili ijaze nafasi kubwa iwezekanavyo. Kwa mipira ya kawaida jibu ni ule mpango wa muuza machungwa anayejenga piramidi sokoni, Johannes Kepler alilisema 1611, lakini uthibitisho wake Thomas Hales alikuja kuutangaza 1998, karibu miaka mia nne baadae. Wanahisabati wanauliza swali hilo hilo kwenye dimensheni zaidi ya tatu. 2003 Henry Cohn na Noam Elkies wakaonyesha kwamba kwenye dimensheni ya 8 na ya 24 ukipata fankisheni moja yenye sifa fulani umemaliza, kompyuta zikawa zinaonyesha kama ipo kabisa, ila hakuna aliyeweza kuiandika. Hapo ndo palipokwama, kwa miaka 13. Machi 2016 Viazovska akaiandika fankisheni ya dimensheni 8, peke yake, kwenye pepa fupi, akitumia modula fomu ambazo ni vitu vya nadharia ya namba. Na kilichofuata, ndani ya wiki moja hivi yeye na wenzake wanne wakatumia njia ile ile kumaliza dimensheni 24.

Umeona? Hakuna neno "mahiri" wala "hodari" pale ndani na bado ukimaliza kusoma unajua kabisa kwanini alipewa. Aya moja. Sasa mtu wako fanya naye hivyo hivyo. Sio lazima awe ametatua swali la miaka mia nne, kamati haitegemei hivyo, lakini kila pepa nzuri ina pale palipokuwa pamekwama, na wewe kazi yako ni kupaonyesha.

Kwetu watu wengi wako kwenye modeli za magonjwa, malaria, kipindupindu, homa ya bonde la ufa, na hapa panahitaji umakini wa ziada maana pepa za modeli ziko nyingi sana duniani na mtu wa kamati ameshaziona. Ukiandika "ametengeneza modeli ya hisabati ya malaria" hujasema kitu. Sema modeli yake ina nini ambacho za kabla yake hazikuwa nacho, amethibitisha nini kuhusu uthabiti wa ile milinganyo, ametumia data za wapi, na kama wizara au hospitali imeyatumia matokeo yake basi sema nani kayatumia na kufanyia nini, na uwe na barua au ripoti ya kuonyesha. Kama hakuna aliyeyatumia usiseme yametumika. Mtu mmoja kwenye kamati akiuliza na ikaonekana umeongeza chumvi, faili zima linaanza kutiliwa shaka, na anayeumia ni mwenzako ambaye hata hakuandika.

Sasa idadi ya pepa. Jamani tuache kuanza na idadi. Hisabati inaenda taratibu, pepa moja inaweza kuchukua miaka mitatu kutoka kuandikwa mpaka kuchapishwa, na namba za kunukuliwa zinatofautiana sana kati ya tawi na tawi, mtu wa takwimu anaweza kuwa na nukuu elfu na mtu wa aljebra akawa na sitini na wa aljebra ndo akawa na kazi nzito. Yitang Zhang alikuwa lekchara Chuo Kikuu cha New Hampshire, machapisho yake ya kuhesabu kwenye vidole, 2013 akathibitisha kwamba kuna jozi zisizo na mwisho za namba tasa ambazo tofauti yake haizidi milioni 70. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa ameweza kuthibitisha kikomo chochote kile. Mwaka huo huo akapata Tuzo ya Ostrowski na mwaka uliofuata Tuzo ya Cole. Kama mtu aliyempendekeza angeanza na namba ya machapisho angemwangusha mwenyewe.

Kwahiyo chagua pepa tatu mpaka tano, kila moja iandikie aya yake. Orodha kamili weka kama wameiomba, na iwe ya kweli, lakini usiifanye ndo hoja. Na kama kwenye orodha kuna zile pepa za majarida ya kulipia yasiyopitiwa na mtu, ambazo wengi waliingia humo kwa sababu ya presha ya kupanda cheo, huna haja ya kuzificha, ila hizo tano unazoziweka mbele ndo zimbebe.

Pepa za watu wengi zina ishu yake. Ukimpendekeza mtu kwa pepa aliyoandika na wenzake watatu, lazima useme yeye kafanya sehemu gani. Hisabati mara nyingi majina yanapangwa kwa alfabeti kwahiyo kuwa wa kwanza au wa mwisho hakumwambii mtu chochote. Uliza wenzake. "Lema ya pili na ujenzi wote wa sehemu ya nne ni wake" ni sentensi nzuri kuliko "alikuwa na mchango mkubwa".

Halafu yale mazingira niliyosema nitayarudia. Andika kama taarifa, kwa namba, na uyaunganishe na hisabati yenyewe. Usiandike "alifanya kazi katika mazingira magumu sana." Andika kwamba kati ya pepa zake tano, nne amezifanya akiwa hapa na ya kwanza ndo ilitoka kwenye PhD yake ya nje, kwamba alikuwa anafundisha saa kadhaa kwa wiki, kwamba idarani hakuna mtu mwingine wa tawi lake kwahiyo semina alikuwa anafanya na watu wa nchi nyingine, kwamba ameanzisha kozi ya uzamili ya hilo tawi na wanafunzi wake wawili wameshachapisha. Hiyo inaingia akilini. Na kwa Tuzo ya Ramanujan hili la kazi imefanyikia wapi ni sharti kabisa, sasa watu wetu wengi wamesoma kwa zile programu za sandwichi, nusu Sweden nusu nyumbani, pepa inaonyesha anwani mbili au inaonyesha ya nje tu. Usiiachie kamati ibahatishe, eleza.

Watu wa kuandika barua

Tuzo zingine zinataka barua ziambatane na faili, zingine zinataka majina tu na kamati yenyewe inawatafuta, Abel iko hivyo, unataja wataalam wanaoweza kuulizwa. Kwa vyovyote vile unahitaji watu wanaoijua kazi, na angalau mmoja ambaye hajawahi kuwa supavaiza wake wala kuandika naye pepa. Barua tatu zote kutoka idara moja hazina nguvu hata zikiwa zimeandikwa vizuri.

Huyo mtu wa nje unampataje? Angalia nani kainukuu ile pepa bora na kaitumia kweli kweli ndani ya uthibitisho wake, sio aliyeitaja tu kwenye utangulizi. Huyo ameshaisoma, nusu ya kazi imeisha. Angalia nani kaifanyia mapitio kwenye zbMATH. Fikiria walimu waliowahi kuja kufundisha kwenye skuli za CIMPA, kile kituo cha Ufaransa kinachoandaa mafunzo ya hisabati kwenye nchi zinazoendelea, au za EAUMP, ule mtandao wa hisabati wa vyuo vya Afrika Mashariki, au waliopita ICTP au tawi lake la Kigali. Mwandikie imeli fupi, kwa jina lake, taja pepa na taja ni theoremu ipi unaomba aizungumzie. Watu wanaogopa kuwaandikia maprofesa wakubwa wasiowajua lakini ombi fupi linaloonyesha kwamba umesoma kazi yake linajibiwa mara nyingi kuliko unavyodhani.

Kwa mzee wa hapa nyumbani ni vizuri uanze kwa ujumbe kabla ya imeli rasmi. Kitu kama hiki:

"Shikamoo Prof. Samahani kwa kukusumbua wikiendi. Tunataka kumpendekeza Dkt. fulani kwenye Tuzo ya Ramanujan mwaka huu, na wewe unaifahamu vizuri kazi yake ya milinganyo. Naomba kama utaweza utuandikie barua, hasa kuhusu ile pepa ya pili. Ningeomba iwe imefika tarehe 10, dedilaini yao ni mwisho wa mwezi. Nimekutumia kwenye imeli ukurasa mmoja wa maelezo na pepa tatu. Kama ratiba imebana niambie tu Prof wangu, nitaelewa kabisa, nitafute mwingine mapema."

Angalia vitu vitatu humo ndani. Amepewa pepa maalum ya kuzungumzia ili barua zisirudie kitu kile kile. Amepewa tarehe iliyo wiki tatu kabla ya ile ya kweli. Na amepewa mlango wa kukataa kwa heshima, hili la mwisho ni muhimu sana kwetu maana mkubwa akiona aibu kusema hapana atasema "sawa nitaandika" na barua haitakuja kamwe.

Na akikujibu "andika wewe nije nisaini", ambayo inatokea sana, jaribu kwa adabu kutoikubali. Barua mbili zikiandikwa na mkono mmoja inajulikana, zina misemo ile ile, mpangilio ule ule, na watu wa kamati wanasoma mamia ya barua. Mwambie "Prof nitakuandalia nukta tu, ila maneno yawe yako kwa sababu wanataka maoni yako", na kweli umpe nukta sita saba. Kama hana muda hata wa hizo, bora umpate mtu mdogo zaidi kwa cheo lakini aliyeisoma pepa. Barua ya kurasa mbili ya mtaalam wa kawaida inayosema theoremu ya 3.2 inaondoa sharti ambalo wote tulidhani ni la lazima ina uzito kuliko aya mbili za mtu mkubwa anayesema anamfahamu mhusika kwa muda mrefu.

Huyo Ramanujan mwenyewe ambaye tuzo imeitwa kwa jina lake alikuwa karani wa hesabu kwenye ofisi ya bandari Madras. Januari 1913 alimwandikia G. H. Hardy wa Cambridge barua yenye kurasa za fomula. Alikuwa ameshawaandikia wengine hawakumshughulikia. Hardy akakaa na Littlewood, mwanahisabati mwenzake wa Cambridge, wakazipitia zile fomula moja moja, akamleta Uingereza 1914, na 1918 Ramanujan akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society baada ya Hardy kumsimamia. Kilichomfanya Hardy aweze kumsemea ni kwamba alizisoma zile fomula, alijua zipi ni mpya na zipi zilikuwa zinajulikana na zipi zina makosa. Anayependekeza naye anatakiwa asome. Hata kama sio tawi lako, kaa na mhusika au na mtu wa fani yake saa mbili akueleze ubaoni mpaka wewe uweze kumweleza mwingine, ndo uandike.

Vitu vidogo vinavyoangusha faili

Majina. Mtu anaitwa hivi kwenye pasipoti, vile kwenye pepa za kwanza, na baada ya kuolewa jina la tatu, au kwenye pepa moja jina la baba limekuwa la ukoo na kwenye nyingine kinyume chake. Kamati ikimtafuta inapata nusu ya kazi. Weka sentensi moja juu ya CV inayosema amechapisha kwa majina gani, na kama tuzo sio ya siri mwambie atengeneze ORCID, ile namba ya utambulisho ya mtafiti, ni bure. Tarehe ya kuzaliwa ilingane na pasipoti, hasa kwenye tuzo zenye umri.

Imeli ya chuo kama ina tabia ya kujaa au kukata, weka na nyingine. Faili liwe PDF moja kwa kila kitu kilichoombwa, lenye jina linaloeleweka, na usiweke vyeti vya semina na picha za mahafali ambavyo hakuna aliyeviomba. Wakisema kurasa mbili ni kurasa mbili, mtu akiona tano hata zile mbili za kwanza anazisoma kwa hasira. Lugha, kama wameomba Kiingereza mpe mtu mmoja asiye wa fani asome ile sehemu ya maelezo, akikwama sehemu tatu rudi ukaandike upya.

Usitume siku ya mwisho. Mtandao wa fomu unazidiwa, umeme unakatika, na saa yao sio yetu, dedilaini ya usiku wa manane Italia kwetu Dar, Nairobi na Kampala ni saa saba au saa nane usiku kutegemea na msimu wao.

Kuhusu muda wote kwa ujumla, anza miezi minne kabla. Mwezi wa kwanza kuchagua mtu na tuzo na kusoma pepa, wa pili kuandika yale maelezo na kuwaomba watu barua, wa tatu ni wa kukumbusha kwa upole, wa nne wa kusafisha. Ukiwa na wiki mbili tu mpaka dedilaini, usilazimishe, tengeneza faili zuri la mwakani.

Baada ya kutuma

Waandikie wote waliotoa barua kuwashukuru, siku ile ile, kabla matokeo hayajajulikana. Matokeo yakitoka waambie pia hata kama haikuwa. Ukikosa usichukulie kwamba kazi imeonekana mbovu, mshindi kwa kawaida ni mmoja kwa mwaka na walioletwa wametoka mabara matatu. Angalia masharti, tuzo zingine zinaliacha jina libaki kwa miaka kadhaa na zingine unatuma upya, na kutuma upya sio aibu.

Lile faili litunze mahali ambapo idara nzima inaweza kulipata, lisibaki kwenye laptopu yako peke yako maana ukihama linahama na wewe. Kila Januari lifungue uongeze pepa mpya, nani kaitumia ile theoremu, mwanafunzi gani kamaliza. Halafu tengeneza jedwali dogo la watu wote wa idara wenye kazi nzuri na miaka waliyonayo ifikapo Desemba. Atakayekuwa na 43 mwaka huu ana raundi mbili tu zilizobaki za Tuzo ya Ramanujan, hii na ya mwakani, kwahiyo anza na yeye, yule wa 36 faili lake mnaweza kulijenga taratibu.